Msomaji Anauliza: Je, Seli za Neva za Hisi Huongezeka Baada ya Kuzaliwa?

Barua nne tulizopokea kutoka sehemu mbalimbali za Uganda zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, kwa hiyo tumeziweka pamoja. Ya kwanza imepewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu majibu ya nyingine zote yanaitegemea.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari mjini Mbale. Vitabu tunavyofundishia vinasema kwamba seli za neva hazigawanyiki tena baada ya mtoto kuzaliwa. Mwanafunzi wangu wa S6 amesoma mahali fulani kwamba panya mzima ana seli nyingi zaidi za neva za hisi kuliko panya mchanga, naye anataka kujua seli hizo za ziada zimetoka wapi. Nimjibu nini?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa jambo ambalo wataalamu wamelibishania kwa miaka mingi. Kauli ya kitabu na hesabu ya panya zinaweza kuwa kweli kwa pamoja, kwa sababu kitabu kinazungumzia kugawanyika kwa seli, ilhali hesabu inazungumzia idadi ya seli ambazo mhesabuji amezitambua kwa hadubini kuwa ni za neva.

Seli zinazobishaniwa ni zile zinazopeleka habari za mguso, maumivu, joto, baridi na mkao wa viungo. Miili ya seli hizo imekusanyika katika vifundo vidogo vilivyo kando ya ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, ambako kwa binadamu hutoka jozi 31 za neva. Kila seli hutoa uzi mmoja unaogawanyika baada ya mwendo mfupi: tawi moja huenda kwenye ngozi, msuli au kiungo cha ndani, na la pili huingia katika ugwe mgongo. Kwa mtu mzima, tawi linalotoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu huweza kuzidi mita 1, na urefu wote huo hulishwa na mwili wa seli usioonekana kwa macho.

Seli hizi huzaliwa mapema sana. Hutokana na kundi la seli za kiinitete ambalo hujitenga na mrija wa neva, yaani ule unaokuja kuwa ubongo na ugwe mgongo, kisha huhamia pembeni na kuanza kugawanyika. Kwa panya wa maabara, ambaye mimba yake huchukua siku 21 au 22, sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha kufikia siku ya 15. Baada ya hapo hutokea jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nalo ni kwamba seli nyingi zilizokwisha kutengenezwa hufa. Tishu ambayo seli inaifikia, kwa mfano ngozi, hutoa protini ya kukuza neva kwa kiasi kidogo, na seli isiyopata kiasi cha kuitosha haiishi. Rita Levi-Montalcini wa Italia na Stanley Cohen wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa ugunduzi wao kuhusu vichocheo vya ukuaji wa seli, na protini hii ni mojawapo. Kwa hiyo idadi anayozaliwa nayo mtoto ni mabaki ya idadi iliyokuwa kubwa zaidi tumboni, na ndiyo maana habari ya kwamba idadi hiyo hupanda tena baadaye iliwashangaza wengi.

Habari yenyewe ilipata nguvu katika miaka ya 1980, pale watafiti walipohesabu seli za vifundo vya panya wa umri mbalimbali na kuona wakubwa wakiwa na seli nyingi kuliko wadogo. Wapinzani wao hawakusema kwamba wenzao wamedanganya. Walisema kwamba wamehesabu vibaya, na hoja yao ilikuwa na uzito.

Ili kuhesabu seli za kifundo, ni lazima kifundo kikatwe vipande vyembamba sana, kisha vipande vitiwe rangi na kuangaliwa kimoja kimoja. Seli kubwa hukatwa na kisu mara kadhaa na kuonekana katika vipande viwili, vitatu au zaidi, ilhali seli ndogo huweza kuonekana katika kipande kimoja tu. Seli za hisi hukua sana kwa ukubwa baada ya kuzaliwa. Ina maana kwamba kifundo cha panya mzima kitaonyesha vipande vingi vyenye seli hata kama hakuna seli moja iliyoongezeka, na mhesabuji asiyekuwa mwangalifu atatangaza ongezeko ambalo halipo. Mwaka 1946 Michael Abercrombie alitoa kanuni ya kusahihisha kosa hilo kwa kutumia unene wa kipande na ukubwa wa kiini. Mwaka 1984 ikachapishwa njia bora zaidi, ambayo hulinganisha vipande viwili vinavyofuatana na kuhesabu tu kile kinachoonekana katika kimoja bila kuonekana katika cha pili, hivyo kila seli huhesabiwa mara moja pekee. (Mwandishi wa makala hiyo alijiita D. C. Sterio. Lilikuwa jina la bandia, lililopatikana kwa kupanga upya herufi za jina la njia yenyewe, "disector". Wanahesabu nao wana utani wao.)

Njia hizo mpya zilipotumiwa, ongezeko kwa panya waliokwisha kuwa wazima lilipungua nguvu, na maabara kadhaa zikaripoti kwamba idadi haibadiliki kati ya ujana na utu uzima. Lakini tofauti kati ya panya aliyezaliwa juzi na panya mkubwa iliendelea kuonekana katika baadhi ya tafiti hata baada ya hesabu kusahihishwa. Ikabidi watafiti watafute zinakotoka seli hizo, na hapo ndipo swali la mwanafunzi wako linapopata uzito wake.

Kipimo cha kugawanyika kinafahamika. Seli inayogawanyika lazima inakili DNA yake, na ili kuinakili inahitaji malighafi. Mtafiti humdunga mnyama malighafi iliyotiwa alama, aidha ya mionzi au ya kikemikali, na seli yoyote inayozaliwa baada ya sindano hiyo hubaki na alama ndani ya kiini chake. Panya wachanga walipopimwa hivyo, seli za kusaidia zinazozizunguka seli za neva zilionekana na alama, maana hizo hugawanyika bila shida, na huongezeka hasa baada ya jeraha. Seli za neva zenyewe hazikuonyesha alama kwa kiasi ambacho kingeweza kueleza ongezeko lililohesabiwa.

Maelezo yanayobaki, na ambayo kwangu mimi ndiyo yenye nguvu, yalitolewa na watafiti wa Marekani katika makala ya mwaka 2003: ongezeko ni la kuchelewa kukomaa. Mhesabuji huitambua seli ya neva kwa sura yake, yaani kiini kikubwa cheupe, nukta nzito iliyo wazi katikati ya kiini, na chembe zinazoshika rangi katika umajimaji unaokizunguka. Katika kifundo cha panya mchanga kuna seli ambazo zimekwisha kuacha kugawanyika na zimekwisha kupangiwa kuwa za neva, ila bado ni ndogo na hazijapata sura hiyo. Mhesabuji huziruka, naye hana kosa, kwa sababu hazifanani na anachokitafuta. Majuma yanapopita hukua, hupata sura kamili na kuingia katika hesabu. Ni kama mwalimu anayehesabu wanafunzi kwa sare: waliokuwamo darasani tangu asubuhi bila sare hawaandikwi mpaka siku watakapoivaa.

Mwanafunzi wako asiihamishe habari ya panya kwa kila kiumbe, kwa sababu wapo wanyama ambao kwao ongezeko ni kubwa na la muda mrefu. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa samaki aina ya taa, idadi ya seli za vifundo pamoja na nyuzi zao huendelea kupanda kadiri umri unavyokwenda, na mwaka 1994 wengine walionyesha kwamba idadi ya seli za hisi za mguu wa chura mkubwa wa Marekani hupanda pamoja na ukubwa wa mwili wake. Wanyama hao wana tabia ambayo binadamu hana: huendelea kukua kwa sehemu kubwa ya maisha yao.

Kwa binadamu, ugonjwa ambao Waganda wengi wanaujua kwa jina la kisipi, na ambao kwingineko huitwa mkanda wa jeshi, hutoa ushahidi wa aina yake. Virusi vya tetekuwanga aliyoipata mtu akiwa mtoto hujificha ndani ya seli za vifundo hivi hivi, na miaka 50 au 60 baadaye huweza kuamka na kufuata nyuzi zake hadi kwenye ngozi, ndiyo maana malengelenge hujipanga katika ukanda wa upande mmoja wa mwili. Maficho ya muda mrefu kiasi hicho yanalingana na seli zinazodumu maisha yote, wala si na tishu inayobadilisha seli zake kila mara kama ngozi.

Katika mtihani, basi, mwanafunzi aandike kwamba seli za neva za hisi za vifundo vya ugwe mgongo hukoma kugawanyika kabla ya kuzaliwa, kwamba ongezeko la idadi lililoripotiwa kwa panya wachanga hutokana zaidi na kukomaa kwa seli zilizokwisha kuzaliwa, na kwamba seli za kunusa za puani haziingii katika kanuni hiyo. Hilo la mwisho linajibiwa katika barua ya tatu.

Swali: Mhariri, mimi ni baba mkaazi wa Kasese. Kijana wangu alizaliwa akiwa na urefu wa sentimita 50 na sasa amenipita kimo. Kama seli za kuhisi haziongezeki, ngozi yote hiyo iliyoongezeka inahisi kwa njia gani?

Jibu: Baba, zinaongezeka nyuzi, matawi na ukubwa wa seli. Wakati mtoto yumo tumboni, ncha ya uzi husafiri yenyewe hadi kuifikia ngozi. Baada ya kufika, mwili unaporefuka uzi huvutwa polepole pamoja na mfupa na msuli, na seli huitikia mvuto huo kwa kutengeneza sehemu mpya za uzi katikati, bila kukatika. Huko mwishoni uzi huchipua matawi zaidi, hivyo seli moja ambayo kwa mtoto mchanga ilisimamia eneo dogo la ngozi huja kusimamia eneo kubwa. Nyuzi nyingi huendelea pia kufunikwa na utando wa mafuta katika miaka ya kwanza ya maisha, na utando huo huongeza mwendo wa habari, jambo ambalo ni la lazima kwa mwili ambao umbali kutoka mguuni hadi kichwani umekuwa zaidi ya mara tatu ya ulivyokuwa.

Gharama ipo, ingawa ni ndogo. Vipokezi vya mguso mwepesi vilivyo katika ncha za vidole husambaa kadiri kidole kinavyokua, hivyo kila milimita ya mraba hubaki na vipokezi vichache kuliko utotoni. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada waliwapima vijana wazima kwa kuwapa mifereji myembamba waipapase, wakaona kwamba wenye ncha ndogo za vidole hutofautisha mifereji ya karibu karibu vizuri zaidi kuliko wenye ncha kubwa. Wanawake kwa wastani waliwashinda wanaume, na sababu ilikuwa ukubwa wa kidole tu: mwanamume na mwanamke wenye vidole sawa walilingana.

Swali: Mhariri, naandika kutoka Bombo. Wakati wa korona nilipoteza harufu kabisa, hata mchuzi ukiungua sikujua, lakini baada ya majuma machache harufu ilirudi. Mume wangu amefanya kazi ya kuchomelea na kugonga vyuma huko Katwe kwa miaka mingi, na sasa hasikii vizuri. Jirani anasema masikio nayo yatajirudi, na anamuuzia dawa ya kutia. Kwa nini pua yangu ipone na masikio yake yasipone?

Jibu: Mama, pua na sikio havikupewa uwezo sawa. Seli za kunusa ni seli za neva kamili, na miili yake imo ndani ya utando ulio juu kabisa ya tundu la pua, mahali ambapo hewa yenye vumbi, moshi na vijidudu huzigusa moja kwa moja. Kwa sababu hiyo huharibika upesi. Chini yake kuna tabaka la seli shina ambazo hugawanyika na kutoa seli mpya za kunusa maisha yote, na kila seli mpya hupeleka uzi wake hadi ubongoni na kujiunga upya. Kazi hii ilithibitishwa kwa wanyama katika miaka ya 1970, na mwaka 2020 watafiti waliochunguza seli moja moja kutoka pua za watu wazima walikuta seli changa za neva zikiwa katika hatua mbalimbali za kukomaa. Hata idadi yenyewe huongezeka baada ya kuzaliwa, maana utando wa pua hupanuka mtoto anapokua, ingawa uzeeni sehemu zake hugeuka kuwa utando wa kawaida usionusa.

Kuhusu korona, niongeze kwamba virusi hivyo hushambulia hasa seli za kusaidia zinazozizunguka seli za kunusa, na hilo ni sababu mojawapo ya wengi kurudishiwa harufu ndani ya majuma machache. Wale ambao utando wao uliharibika zaidi walisubiri miezi, na wengine bado wanasubiri.

Sikio la ndani lina takriban seli 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Zote hutengenezwa kabla ya kuzaliwa. Kelele kubwa ya miaka mingi huziua, na kwa binadamu hazina seli shina za kuzirudisha. Ndege wanaweza: mwishoni mwa miaka ya 1980 ilionyeshwa kwamba kuku na kware walioharibiwa seli hizo kwa kelele au dawa huotesha nyingine na kusikia tena. Hata kuku wenu wa nyumbani, Mama, amewapita kwa hili.

Dawa ya jirani, kwa hiyo, haiwezi kuleta seli mpya, na kama ngoma ya sikio ina tundu, kumimina kitu ndani kunaweza kuongeza madhara. Lakini msikate tamaa kabla ya uchunguzi, kwa sababu si kila anayesikia vibaya amepoteza seli. Mhudumu wa afya atazame kwanza kama sikio limezibwa na nta au lina usaha, mambo ambayo hutibika. Amuulize pia kama amewahi kudungwa streptomisini, kanamisini au jentamisini kwa muda mrefu, maana dawa hizo zinaweza kuziua seli hizo hizo, tofauti na kwinini, ambayo mara nyingi huleta mvumo masikioni na mvumo huo ukatulia dawa inapokwisha. Mume wako aendelee na kazi akiwa amevaa vizibo vya masikio. Seli alizobaki nazo ndizo za kulinda.

Swali: Mhariri, babu yangu wa Kumi alitibiwa ukoma akamaliza dawa zote, na hospitali ilisema amepona. Mbona nyayo zake bado zina ganzi? Je, neva zitaota upya?

Jibu: Ndugu yangu, dawa zimewaua bakteria, na hilo ndilo daktari alilomaanisha kwa kusema amepona. Bakteria wa ukoma hupenda kukaa katika seli zinazofunika nyuzi za neva, hasa sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo kama mikono na miguu, na mwili unapopigana nao uzi huvimba, hubanwa na hatimaye kukatika. Ikiwa mwili wa seli ulio kando ya ugwe mgongo ungali hai na njia ya uzi haijajaa kovu, uzi huweza kuota tena kwa takriban milimita 1 kwa siku, kasi ambayo huufanya mguu mzima usubiri kwa miaka. Ikiwa mwili wa seli umekufa, hakuna mwingine utakaozaliwa badala yake, na baada ya ganzi ya miaka mingi matumaini ya kurudi kwa hisia ni madogo.

Kinachomfaa babu sasa ni kutazamwa nyayo kila jioni na mtu mwenye macho mazuri, kuvaa viatu vyenye soli laini kwa ndani na ngumu ya kutosha kwa nje kuzuia mwiba, kukaa mbali na moto wa jikoni, na kupimiwa maji ya kuoga na mtu mwingine kabla hajatia mguu. Ikiwa kuna mwanafamilia ambaye ganzi, maumivu ya neva au udhaifu wa mkono au mguu umeanza hivi karibuni, huyo asingoje. Uharibifu wa neva wa ukoma usiozidi miezi sita mara nyingi hupungua kwa vidonge vya predinisoloni vinavyotolewa kwa usimamizi wa daktari, na hospitali ya Kumi pamoja na ile ya Buluba wilayani Mayuge zina uzoefu wa miongo mingi na ugonjwa huu.